Gari Lililofugwa Busisi

Kashai, Bukoba
3 Agosti 2025

Baba Rachel,

Sikuulizi hali. Najua u mzima, maana Rachel ameniambia kwenye simu kwamba unauzunguka mji mzima wa Mwanza ukitafuta gari la kumnunulia. Nimesikia kwa mtoto. Wewe mwenyewe hukuona haja ya kuniandikia hata mstari mmoja. Tulipotengana, mbele ya Padri Nathaniel, tulikubaliana kwamba simu basi, kwa sababu kila tukipigiana tunaishia kutukanana na mtoto anasikia, lakini mambo yote ya Rachel tutaandikiana. Gari si jambo la Rachel? Au umeliweka kwenye mambo ya ng'ombe?

Sababu naijua. Mama mkwe anatakiwa kupelekwa mjini kusafishwa figo kila wiki, wewe unashinda minadani, bajaji inamvunja mgongo, na mwenye kuweza kushika usukani pale nyumbani ni Rachel peke yake. Sawa. Mama yako alinipokea vizuri kuliko ulivyonipokea wewe, simnyimi gari. Lakini Rachel ana miaka kumi na minane, Mashimba. Juzijuzi tu alikuwa anaingia na baiskeli kwenye migomba ya baba yangu.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya majeruhi. Nyinyi mnawaona vijana wakipita barabarani, mimi nawapokea. Kwa hiyo nisikilize. Gari liwe dogo, otomatiki, injini isiyomtia kiburi. Namba D inatosha, si lazima liwe la usajili mpya, ila liwe la mtu mmoja aliyelitunza. Usichukue lililopakwa rangi majuzi, rangi mpya inaficha ajali ya zamani. Nenda asubuhi kabla mwenyewe hajaliwasha, uguse boneti; ikiwa ya moto ujue kuna kitu wamekificha. Angalia kama tairi zinaisha sawasawa. Na juu ya yote, breki. Redio ikifa mtoto ataimba mwenyewe. Breki zikifa ataimbiwa. Haya nimefundishwa na Pius, dereva wetu wa gari la wagonjwa. Na fundi wa kulikagua asiwe ndugu yako wala ndugu wa muuzaji.

Usinunue kabla hujanijibu.

Specioza


Usagara
9 Agosti 2025

Mama Rachel,

Barua yako imefika. Rachel aliipokea njia panda kwa Jovinary, yule kondakta wa basi la Bukoba, akaniletea nikiwa nakula. Chakula kikanishinda. Bado unaandika kama unagawa dawa.

Gari nimeshanunua. Nilinunua kabla barua yako haijavuka daraja la Busisi, kwa hiyo hasira zako zipeleke kwa dereva wa basi. Ni IST nyeupe, namba D kama ulivyoagiza, ingawa sikujua kama umeagiza. Lilikuwa la mwalimu mstaafu wa Buzuruga, mama anayeitwa Gladness, ambaye alilipeleka kanisani na sokoni tu. Unadhani mimi sijui kuchagua? Maisha yangu yote nanunua ng'ombe kwa macho na sijawahi kurudi nyumbani na ng'ombe mgonjwa. Nilifika pale gari bado limelala. Nikalizunguka bila kusema neno. Nikatazama linavyosimama, kama limeinamia upande. Nikapiga magoti nikaangalia chini kama linavuja. Nikamwambia aliwashe, nikanusa moshi. Kisha nikalipeleka kwa fundi Obedi, Mjita ambaye hata jina la babu yangu halijui. Akafungua tairi zote nne, akasema breki hizi ni za mtu mcha Mungu. Umefurahi? Hukufurahi, nakujua.

Rachel amefunga utepe wake wa mahafali kwenye kioo cha ndani, akapiga picha, nadhani umeiona.

Ila leseni yake bado haijatoka, na kwangu hakuna uzio. Watoto wa jirani wangelipanda kama kichuguu. Kwa hiyo nimemwekea Masalu, mtoto wa baba mdogo, kule Busisi. Ana ukuta na geti. Atalitunza mpaka leseni itoke. Hilo nalo usilifanyie mkutano.

Mama anakusalimu. Mimi sijui kama nakusalimu.

Mashimba


Kashai, Bukoba
17 Agosti 2025

Mashimba,

Leo hata "Baba Rachel" sikuiti.

Ijumaa Pius alipeleka mgonjwa wa rufaa Mwanza. Wakati wa kurudi akasimama Busisi kununua samaki. Akaona IST nyeupe yenye utepe wa bluu kwenye kioo. Ile picha ya Rachel nilikuwa nimemwonyesha mwenyewe, kwa furaha zangu za kijinga, hata nikamtumia kwenye simu yake. Akaifungua, akalinganisha namba. Ni lenyewe. Limejaa abiria: wawili kiti cha mbele, wanne nyuma, na mmoja kwenye buti amekunja miguu pamoja na gunia la dagaa. Dereva kasimama nje anaita, "Usagara, Usagara, mmoja bado!" Mmoja bado! Angemweka wapi, juu ya boneti?

Gari la mwanangu limekuwa mchomoko. Linabeba watu mchana kutwa kama yale mengine yote yanayochukua abiria njiani, na halafu ndilo mwanangu atakalopewa amwendeshee bibi yake.

Ulijua? Kama hukujua, wewe ni mjinga. Kama ulijua, neno la kukuita ninalo, ila siwezi kuliandika kwenye karatasi atakayoibeba Rachel. Yeye nimempigia, nikamuuliza gari likoje. Akanijibu, "Lipo safi Mama, usiwe na wasiwasi." Alijibu haraka mno. Nimemzaa, namjua anapojibu haraka.

Sasa sikuombi, nakuagiza. Gari litoke Busisi. Liende kwa huyohuyo Obedi, afungue tena tairi zote nne. Rachel asilikalie mpaka nipate neno la fundi kwa maandishi. Ukishindwa hilo, nitakuja kumchukua mwanangu, na mama yako utambeba mgongoni.

Specioza


Usagara
24 Agosti 2025

Mama Rachel,

Mimi niite mjinga, nimezoea. Masalu usimwite mwizi, hata kwa kuzunguka.

Nilijua. Nani alikwambia sikujua? Umeishi na sisi miaka kumi na minne na hukuwahi kuuliza kwa nini ng'ombe wa baba walikuwa wakilala kwenye maboma ya watu. Kwetu ukimwekea mtu ng'ombe wako, anayefuga ndiye anayekamua. Ng'ombe ni wako, ndama ni wako, maziwa ni yake. Ukimwambia "nifugie, lakini usikamue", umemtukana, umemgeuza kibarua. Baba alimwekea ng'ombe baba yake Masalu, na Masalu amekua kwa maziwa yale. Sasa leo mimi nimwekee gari halafu nimwambie alifunike turubai alitazame? Nauli ndiyo maziwa ya gari. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utasema hivihivi ulivyosema.

Na habari ya kulipeleka kwa Obedi, hapana. Jana Masalu amelirudisha, limeoshwa, tangi limejaa, mpaka marashi ameweka ndani. Nikampokea, tukala pamoja, nikamshukuru. Ng'ombe akirudishwa hafunguliwi mdomo kuangaliwa meno mbele ya aliyemfuga, wala baada ya kuondoka kwake. Ukifanya hivyo umemwambia hukumwamini. Huku watu wanajuana. Nikilipeleka kwa fundi asubuhi, jioni Masalu ameshasikia, na kuanzia hapo hakuna ndugu atakayenifugia hata kuku. Nyinyi mgomba wenu hauhami nyumba, hamuwezi kuelewa.

Unanifokea kama vile mimi simpendi. Nani anaamka naye? Nani alimshikia kitabu cha alama za barabarani mpaka akazijua zote? Wewe uko ng'ambo huko unaagiza.

Leseni imetoka. Jana jioni amelizungusha uwanja wa shule nikiwa nimekaa pembeni yake, analishika vizuri. Ijumaa anampeleka bibi yake. Na barua hii ataipeleka mwenyewe kesho asubuhi njia panda ampe Jovinary. Kwa hiyo ukiishika, ujue imeletwa na gari hilohilo unalolitukana.

Mashimba


Wodi ya wanawake, Mwanza
27 Agosti 2025

Mashimba,

Barua yako nimeipata. Jovinary alinipa stendi ya Bukoba jioni ileile ya Jumatatu, nikiwa napanda basi la kuja huku baada ya mama yako kunipigia simu analia. Aliichukua juu ya dashibodi wakati watu bado wanahangaika kumtoa Rachel. Hakujua afanye nini kingine, maskini, akafanya kazi aliyozoea. Bahasha ilikuwa na punje za kioo. Nimeisoma yote. "Imeletwa na gari hilohilo." Haya, nimejua.

Mkono wa kulia umevunjika mahali pawili. Mbavu zimepasuka. Kichwa kizima, Mungu ashukuriwe, si wewe. Pale njia panda kulikuwa na lundo la mchanga wa mtu anayejenga, na Rachel akalielekeza gari humo. Pasingekuwa na mchanga ule, ilikuwa aingie kwa mama wauza nyanya au chini ya basi. Kwa nukta ile moja mtoto alichagua vizuri kuliko wewe kwa mwezi mzima.

Nimekwenda polisi, gari lilipo, na Obedi wako akalifungua. Mpira unaopitisha mafuta ya breki umepasuka kwa kubebeshwa mizigo kwenye mashimo ya vijijini. Anasema si wa jana. Masalu alikuwa anajaza mafuta kila asubuhi na kuendelea kubeba watu. Lilipofika kwako hakuna aliyejaza, yakavuja yakaisha. Ng'ombe alirudishwa anatoka damu, na wewe ukamshukuru aliyemleta, ukamlisha.

Nilikuagiza jambo moja. Moja! Fundi afungue tairi. Ukaona aibu ya Masalu ni kubwa kuliko mifupa ya Rachel. Usiniambie habari ya mila. Mila haikuja kumchomoa mwanangu kwenye vyuma.

Naiacha barua hii chini ya mto wake, kwa kuwa wewe unakuja jioni na mimi nashinda hapa mchana. Tukikutana uso kwa uso wodi hii itaongeza majeruhi.

Specioza


Mwanza
28 Agosti 2025

Mama Rachel,

Nimekosa. Nilipaswa kulipeleka kwa fundi. Nimeandika, umesoma, liweke unapotaka kuliweka.

Jana nilikwenda Busisi. Nilisimama getini kwa Masalu nikapiga kelele mpaka watu wakatoka kwenye maduka. Katika ukoo wetu sijasikia mtu aliyewahi kwenda kumfokea mfugaji wake, mimi nimekuwa wa kwanza. Masalu alikaa chini kwenye vumbi. Akasema, "Kaka, mimi nilimwambia mtoto. Siku aliyokuja kulitazama nilimwambia breki akanyage mara mbili, na mafuta aangalie kila asubuhi." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi. Akasema, "Ningekwambiaje nakurudishia ng'ombe kilema?" Nilinyanyua mkono nimpige. Nikakumbuka kwamba hayo ndiyo niliyokuandikia wewe kwa kujisifu, nikaushusha.

Lakini sasa sikia na wewe. Rachel alijua. Alijua kabla gari halijarudi. Alijua siku ulipompigia simu akakwambia lipo safi. Uliniandikia kwamba unamjua anapojibu haraka. Ulijua kuna jambo, ukafanya nini? Ukaniandikia barua. Siku nzima barua ikalala kwenye basi, na hasira zako zote zikiwa ndani yake, na mtoto hukumuuliza mara ya pili. Kwa hiyo usinirundikie mimi peke yangu.

Jana usiku nilimuuliza kwa nini hakusema. Akageukia ukutani. Muulize wewe mama yake, unayejua kuuliza. Barua naiacha palepale.

Mashimba


Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani
29 Agosti 2025

Baba na Mama,

Shikamooni. Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto. Mvumilie, au msivumilie.

Barua zenu za hapa hospitali nimezisoma. Mmeziweka chini ya mto wangu, mlidhani nalalia nini? Zile za mwanzo sikuzifungua, nilizibeba tu, nyumbani hadi njia panda, njia panda hadi nyumbani. Lakini sikuhitaji kuzifungua. Barua ya Mama ikifika, Baba anasukuma sahani. Ya Baba ikifika, Mama ananipigia na kuniuliza maswali kama polisi.

Ndiyo, nilijua. Baba mdogo Masalu aliniambia kulekule Busisi. Niliporudi nikakaa jikoni nawaza nimwambie nani. Nikimwambia Mama, Mama atamwandikia Baba "nilikwambia", na Baba atakuwa ameaibika mbele ya ndugu zake kwa mdomo wangu. Nikimwambia Baba, atasema hayo si maneno yangu, Mama ndiye aliyenituma. Sikuwa na mtu wa kumwambia habari ya breki. Nilikuwa na mtu wa upande huu na mtu wa upande ule. Bibi naye alikuwa ananiuliza kila asubuhi kama leseni imetoka, kwa sababu bajaji inamuumiza na yeye hapendi kulalamika.

Basi nikajifunza kukanyaga mara mbili. Uwanja wa shule Baba alikuwa pembeni yangu, nakanyaga mara mbili kila kona, akasema nalishika vizuri. Mafuta niliangalia jioni ile, yalikuwapo. Asubuhi sikuangalia. Nilikuwa nawahi basi la Jovinary nisichelewe na barua yenu.

Njia panda nikakanyaga mara mbili, mara tatu, mguu ukafika chini kabisa. Basi lilikuwa limesimama mbele. Wale mama wa nyanya wananijua, mmoja alikuwa ananipungia mkono. Mnajua niliwaza nini kwanza? Sikuwaza kufa. Niliwaza: Mama ameshinda. Halafu ndipo nikaona mchanga.

Mtu anakwenda kugonga basi, anawaza nani ameshinda. Hilo mmenifundisha nyinyi. Nawapenda na nina hasira na nyinyi mpaka mbavu zinauma, na zinauma kwelikweli.

Barua sibebi tena, wala mto wangu si posta. Hii nimempa Bibi, amekuja leo kusafishwa, amekuja kwa bajaji ileile. Nimemwambia asimpe mmoja wenu peke yake. Hajui kusoma, na mkimbembeleza atajifanya hasikii Kiswahili, kwa hiyo msijaribu. Atawapa mkiwa mmesimama wawili mbele yake. Mkimaliza mje hapa saa ya kuona wagonjwa, pamoja, na mgombane kwa sauti. Wagonjwa wenzangu nimewaomba ruhusa, wamekubali, wengine wanasubiri kwa hamu. Nimechoka kuwasikia mkinyamaza.

Gari jingine litanunuliwa, maana figo za Bibi hazingoji mkono wangu upone. Mtakwenda kulichagua pamoja, na likishanunuliwa halilali kwa mtu. Siku nitakayolijaribu nitakanyaga breki nyinyi wote mkiwa ndani. Nikisema haishiki, sitaki kuona mmoja wenu anamgeukia mwenzake. Tazameni gari.

Rachel